Mwarobaini Si Mnazi

Anayenunua kiwanja Mapinga, Kerege au Kiromo siku hizi hununua na mwarobaini ndani yake. Mara nyingi hakuupanda yeye, wala aliyemuuzia hakuupanda; popo alikula tunda usiku akadondosha kokwa kando ya uzio, basi. Miaka ya mwanzo mwenye nyumba hushukuru. Kivuli kipo, majani ya kufukizia mbu yapo, mtoto akishikwa na tetekuwanga dawa ya kumwogeshea iko uani. Baadaye sakafu ya baraza inaanza kuinuka, mzizi unaonekana ndani ya chemba, ufa unapanda ukutani. Anaitwa kijana mwenye chenso, mti unalala chini kabla ya adhuhuri, majirani wanagawana kuni. Masika ikinyesha, palipokuwa na mti mmoja pana kichaka, na kichaka chenyewe hakikubaki kisikini: machipukizi yametokea katikati ya matuta ya mchicha, mengine nyuma ya choo, mengine ng'ambo ya ukuta, kwa jirani ambaye hakuomba mti.

Kero hii ina majibu mengi duniani, ya dini, ya mahakama, ya wakulima. Nikiyaweka sambamba, naona kila mila ya kuondoa miti ina mti wake mmoja ambao wazee walioianzisha walikuwa wakiutazama. Kwa mti huo mila haina kasoro. Ikihamishiwa kwa mti mwingine huanza kukosea, na mwarobaini unazikosesha karibu zote.

Tuanze nyumbani. Mti wetu sisi watu wa pwani ni mnazi, na mnazi una moyo mmoja tu, kule juu kileleni. Mgema anajua kwamba akiujeruhi moyo huo mti umekwisha. Hauna chipukizi la akiba mahali popote. Ukikatwa shina, kisiki huoza taratibu na mchwa humalizia. Watu waliokulia chini ya minazi, kutoka Mbweni hadi Mkwaja, wamerithi mkono wa mnazi: ukishauangusha mti, kazi imekwisha, unafuta panga na kudai ujira wako. Mwembe na mkorosho huchipua kisikini, lakini haiendi kuchipua kwa jirani, kwa hiyo haikututoa katika mazoea hayo.

Mwarobaini, ambao ni wa ukoo mmoja na mkangazi, una hesabu tofauti. Kilele chake kikiwa hai hutuma chini homoni inayoyafanya macho ya shinani na mizizini yaendelee kulala. Kata kilele na macho hayo yanaamka kwa pamoja. Chakula yanacho, maana mizizi imehifadhi wanga wa miaka. Mzizi uliojeruhiwa kwa jembe, au uliokatwa na mchimba msingi, huchipua vilevile. Kwa hiyo yule kijana wa chenso hakuzembea. Amefanya kazi safi kabisa ya mnazi, juu ya mti usio mnazi.

Mila ya pili inakaa msikitini. Katika mji kama Bagamoyo, wenye mabaki ya msikiti wa Kaole wa tangu karne ya 13, mtu akitaka kujua hukumu ya mti wa jirani atamwendea sheikh kabla ya wakili, na sheikh ana kisa cha kumpa. Kimo katika Sunan ya Abu Dawud. Samura bin Jundub alikuwa na mtende ndani ya shamba la Ansari mmoja aliyeishi humo na watu wa nyumbani kwake. Samura akawa anaingia kuuhudumia mtende wake, na mwenye shamba anaudhika. Akamwomba amuuzie, akakataa. Akamwomba wabadilishane kwa mtende wa mahali pengine, akakataa. Shauri likafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akamtaka Samura auze, kisha abadilishe, kisha autoe kama zawadi na kuahidiwa malipo yake. Yote akayakataa. Ndipo Mtume akamwambia kuwa yeye ni mtu wa kudhuru wenzake, akamwelekeza Ansari aende akaung'oe mtende ule.

Wanazuoni wameijadili sanadi ya Hadithi hii, lakini mafundisho yake yamo katika kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na tukumbuke ni dini gani inayosema hivyo: ile ile inayohesabu mti uliopandwa kuwa sadaka kila ndege anapoula, ile inayomtaka mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kimesimama. Kuupenda mti hakukuufanya uwe na kinga. Kuna ngazi za kupanda kwanza: kununua, kubadilishana, kupewa, na ngazi ya mwisho ni kung'oa, mti na mizizi yake. Sidai kwamba amri ilitolewa kwa ajili ya elimu ya mimea, ila iliufaa mtende, ambao tofauti na mnazi huzaa watoto shinani.

Mafakihi waliofuata waliifikisha hoja chini ya ardhi. Ibn Qudama, Mhanbali aliyefariki Damascus mwaka 1223, anaeleza katika Al-Mughni kwamba mizizi iliyotambaa hadi ardhi ya mwingine hukumu yake ni ya matawi yaliyoingia anga lake: mwenye mti atakiwe auondoe usumbufu, akikataa mwenye ardhi aweza kuyapinda matawi ayarudishe yalikotoka, yasipopindika ayakate. Masheikh wetu wa Kishafii hawako mbali na hapo. Ni utaratibu wa kistaarabu, unaanza kwa maneno. Tatizo ni ule ulinganisho wenyewe. Tawi likikatwa limekufa, lakini mzizi wa mwarobaini ukikatwa ndiyo kwanza unaanza maisha.

Hapo ndipo mahakama za kizungu nazo zinapojikwaa, tena kwa kishindo zaidi. Sheria za Tanzania, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, zinaipokea sheria ya kawaida ya Uingereza jinsi ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri inavyoyafaa mazingira ya nchi na watu wake. Ndani ya mzigo huo imo kesi ya Lemmon na Webb, iliyomalizwa na mabwana wa House of Lords mwaka 1894: tawi la jirani likivuka mpaka unaweza kulikata bila hata kumwarifu, mradi usiingie kwake. Mizizi nayo iliingizwa katika kanuni hiyo hiyo. Nyuma ya hukumu ile naona miti mikubwa ya mashamba ya Kiingereza, iliyozeeka mahali pamoja, ambayo ukiipogoa upande mmoja inabaki ilipo.

Wajerumani, waliokuwa na makao yao makuu Bagamoyo kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, walitofautisha kidogo. Kifungu cha 910 cha sheria yao ya madai, iliyoanza kutumika mwaka 1900, kinamruhusu mwenye ardhi kukata mizizi iliyoingia kwake na kuichukua iwe yake. Kwa matawi ampe kwanza jirani muda wa kuyakata mwenyewe. Japani wana kifungu cha 233 chenye mgawanyo kama huo. Mzizi unaukata, tawi unaliombea, na ilipofika Aprili 2023 sheria ikalegezwa ili tawi nalo uweze kulikata kama mwenye mti amepuuza maombi au hajulikani alipo. Wajapani huielezea tofauti hiyo kwa mianzi: chipukizi la mwanzi likitokeza uani kwako kutoka kwa jirani, lichimbue ule. Walau wao walikuwa wakiutazama mmea unaotembea chini kwa chini.

Sasa chukua haki hiyo uilete Magomeni ya Bagamoyo. Jirani mwenye hasira anachimba mtaro kando ya ukuta na kuikata mizizi yote iliyovuka. Sheria iko upande wake. Baada ya muda kila kipande kilichobaki ndani ya kiwanja chake, ambacho zamani kilikuwa kidole tu cha mti wa mwingine, kinachipua na kuwa mti wenye jina lake. Hawezi tena kumshtaki mtu. Haki ya kukata mzizi, kwa mti huu, ni haki ya kujipatia mwarobaini wako mwenyewe, na sijaona wakili akimwonya mteja wake juu ya hilo.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo katika vitabu vya sheria. Watu wengi wa pwani wanasita. Mti wa dawa unaukataje? Sijapata kusikia mzimu unaokaa kwenye mwarobaini kama ilivyo kwa mbuyu au mkuyu, lakini heshima yake ni ya aina nyingine, heshima ya daktari wa mtaa. Watu wamenywa uchungu wake kwa homa, wamepigia mswaki vijiti vyake, wamechanganya majani makavu na mahindi ghalani dhidi ya fukusi. Waliokwenda kuhiji wameukuta hata Arafat, ambako miche ipatayo 50,000 ilipandwa kuwapatia mahujaji kivuli.

Jibu la wasiwasi huo nalipata kwa wenye mti wenyewe. Bara Hindi ndiko kwao, na huko, kaskazini, mwarobaini unahusishwa na Sitala, mungu wa kike wa ndui. Matawi yake yaliwekwa karibu na mgonjwa karne nyingi kabla ya ndui kutangazwa kuwa imetoweka mwaka 1980. Hakuna wanaouheshimu kuliko wao. Lakini katika hekalu la Jagannath mjini Puri, sanamu kuu zimechongwa kwa mbao za mwarobaini, na kila baada ya miaka kadhaa, mwaka 1996 kwa mfano, kisha 2015, hutafutwa miti mipya. Makuhani huzunguka vijijini wakitafuta alama: mti uwe karibu na mto na mahali pa kuchomea maiti, uwe na kichuguu shinani, matawi yake yasiwe yamevunjika. Ukipatikana hufanyiwa ibada, huguswa kwa shoka la dhahabu, kisha la fedha, ndipo la chuma linapofanya kazi. Matawi na magome yasiyohitajika huzikwa.

Sipendekezi mashoka ya dhahabu huko Kerege. Ila mila ya Puri inavunja hoja ya kwamba kuheshimu mti ni kuuacha. Mti mtakatifu kuliko yote unakatwa, hadharani, kwa utaratibu. Inachokosa mila hiyo ni mbinu ya kichaka. Inajua kuchagua mti mmoja kati ya elfu. Haina la kusema juu ya machipukizi ya nyuma ya choo.

Kwa hilo inabidi twende kwa mti mwingine kabisa, ambao Wazungu waliuita mti wa mbinguni kisha wakaujutia. Kwao ni Uchina, ambako magome ya mizizi yake ni dawa ya tangu kale. Ulifika Paris katika miaka ya 1740, na mwaka 1784 tajiri mmoja wa Philadelphia, William Hamilton, akaupeleka Marekani kwa ajili ya bustani yake. Ulipendwa kwa kuwa haukuogopa vumbi wala ardhi mbovu. Leo unavunja kuta na kuziba njia za reli, na tangu 2019 umo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya viumbe vamizi vinavyopaswa kudhibitiwa. Ukiukata, mizizi hutoa machipukizi mita nyingi kutoka kisikini. Unafanana na wetu mno: daktari kwao, mkorofi ugenini.

Wamarekani waliposhindwa na misumeno, walibadili mfuatano wa kazi. Mti hauangushwi kwanza. Mwishoni mwa kiangazi chao, wakati majani yanashusha sukari mizizini kwa ajili ya baridi, wanachanja gome kwa shoka, chanjo chache za kushuka kuzunguka shina, na katika kila chanjo wanatia dawa kidogo ya kuua mimea. Mti wenyewe unaibeba sumu hadi kwenye ncha za mizizi ukidhani ni chakula. Wanasubiri mwezi au zaidi, na wakiuangusha tayari umekufa kuanzia chini. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu pekee kati ya yote niliyoyataja ambao umeutazama mti unaosambaa kwa mizizi na kuielewa tabia yake. Msimu wa baridi hatuna, lakini miezi ya baada ya masika, majani yakiwa yamekomaa na jua limerudi, naiona inafaa zaidi kuliko kiangazi kikali ambapo mwarobaini hupukutisha.

Lakini mkulima wa Kiromo hahitaji kwenda Philadelphia kupata nusu ya elimu hiyo. Anayo tayari, ila ameiweka kwenye jembe badala ya shoka. Anaijua ndago. Anajua kwamba ukiilima juu juu unaizidisha, kwamba kila kipande cha kitunguu chake kilichobaki udongoni ni ndago mpya, na kwamba dawa yake ni kuirudia kila inapochungulia, kabla majani hayajapata nguvu ya kulisha chini. Anaujua na mgomba: hakuna anayetegemea kuufuta kwa kuukata shina, unachimbua tunguu lake lote au unakubali kuishi na watoto wake. Elimu ya ndago na mgomba ndiyo inayoufaa mwarobaini. Kilichotukwamisha ni kwamba ukiwa mdogo hatuuhesabu kuwa gugu, na ukiwa mkubwa tunauona mti, na mti kwetu ni mnazi.

Asiyetaka sumu, basi, ana kazi ya jasho na ya kurudiarudia. Kisiki king'olewe kwa sururu na mtalimbo, mizizi minene ifuatwe inakokwenda na kuvutwa, na machipukizi yatakayotokea yavunjwe kwa mkono yakiwa laini, kila yanapotokea, misimu kadhaa bila kuachia. Mzizi usio na jani unatumia akiba yake mpaka inakwisha. Ukiachia likizo moja ya shule watu wakaenda kwao, umeurudishia chakula.

Anayechagua dawa aitie ndani ya chanjo, si kumwaga chini. Nasisitiza hili kwa sababu uani mwetu hupikwa mambo ya ajabu: chumvi ya gunia, dizeli, mafuta ya taa, maji ya betri. Udongo wa pwani hii ni mchanga, visima vingi ni vifupi, na unachomimina kisikini leo kinaelekea kwenye ndoo. Mwarobaini wenyewe pengine utapona, mchicha hautaota. Katika msitu wa Zaraninge, ulio humu humu kaskazini na ambao ni sehemu ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, mwarobaini umeingia na kuibana miti ya asili, na watafiti wamejaribu dawa mbalimbali juu yake. Kama mti huu umewashughulisha wanamisitu, mwenye kiwanja asione aibu kuuliza bwana shamba kabla ya kununua chupa. Pia mti uliokaukia wima karibu na bati si wa kusubiri pepo za kusi ziuangushe. Ukithibitika umekufa, ushushwe na mtu anayejua kupanda na kamba.

Mwarobaini una udhaifu mmoja ambao wenzetu wa Kenya wangeutamani. Mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, hadi wananchi wakaishtaki serikali mwaka 2006 na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeharibika meno kwa maganda yake, huacha mbegu zinazolala udongoni miaka. Kokwa ya mwarobaini haina subira hiyo. Ndani ya wiki chache, au miezi michache ikibahatika, inakufa. Ukishaimaliza mizizi, maotea yaliyopo ndiyo ya mwisho, isipokuwa yanayoletwa na popo na shore kutoka mti wa mwingine.

Na mti wa mwingine ndio unaoturudisha ukutani. Kama mizizi imevuka mpaka, kazi ya upande mmoja ni bure, kwa sababu chini ya ukuta huo hakuna mpaka. Majani ya kwa jirani yanalisha mizizi ya kwako. Mtaro, panga na kesi ya mwaka 1894 havisaidii hapo. Ngazi za kisa cha Samura zinasaidia, zile za kabla ya kung'oa: mwendee, mwambie, mpe kitu badala ya kivuli atakachopoteza, hata miche miwili ya mwembe, na kama ni mkaidi mwite mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Mkikubaliana, mchanjo wa mti mkubwa na uvunjaji wa machipukizi uanze pande zote mbili wiki moja, si wewe Juni na yeye Desemba.